Ukungu wa Bi Kazija

Tone la maji juu ya bati. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya kazi yangu, na mpaka leo nikiisikia husimama nikasikiliza. Tap, ikanyamaza, kisha tap tena, pembeni kidogo. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi ndani ya kibanda cha kituo cha hali ya hewa, juu ya kilima cha Masingini, asubuhi ya siku yangu ya mwanzo, mikono mapajani kama biarusi, namsubiri mkubwa wangu. Nikasema moyoni: mvua hiyo, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuipima. Nikatoka mbio.

Nje hapakuwa na mvua. Palikuwa na ukungu mzito, mweupe, hata mlingoti wa kipimaupepo sikuuona, na miti yote imesimama inatona maji. Nikakifunua kipimamvua, yaani ule mkebe wenye faneli unaokinga maji ya mvua, nikakuta ndani pakavu. Nimeshika mfuniko mkononi, maji yananidondokea utosini, na chombo cha maji hakina hata tone.

"Umeshapima?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Ndiye Mkuu wa Kituo.

"Shikamoo. Nshapima. Hamna kitu."

"Marahaba. Na hiyo kanga yako imerowa na nini?"

Nikaitazama kanga yangu. Imerowa chapa.

"Basi andika hamna kitu," akasema, "lakini usiamini."

Nyinyi vijana mnaosoma haya mtashangaa mtu kama mimi kupewa kazi ya vipimo. Ilikuwa muda mfupi baada ya Mapinduzi. Ofisi nyingi zilikuwa na viti vitupu, na sisi tuliojua kusoma na kuandika tulichukuliwa tukavijaze. Mimi nilimaliza darasa la nane tu, nikakaa nyumbani Ng'ambo na mama yangu, mshona kofia. Mwenyewe nilikuwa mtu wa kuota mchana. Mama akinituma uzi Darajani, narudi na habari za wingu lililofanana na ngamia, uzi nimeusahau. Ndugu zangu walinicheka sana waliposikia nimeajiriwa kutazama mbingu. Walisema serikali imepata mtu wake.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kusema jambo zito. Kazi alifunzwa bara, kwenye milima mikubwa yenye theluji kileleni, na kilima chetu alikiita kichuguu. Lakini alikipenda. Aliniita Ndugu Zuwena, na ilikuwa mara yangu ya mwanzo kuitwa Ndugu na mtu mzima, nikajiona nimerefuka.

Yeye ndiye aliyenifunza kwamba hewa si kitu kitupu. Imebeba moshi, vumbi, chumvi ya pwani, na vyote hivyo lazima vishuke. Mlimani vinashuka kwa mvua, kwa ukungu, kwa umande na kwa jalidi, na kila kimoja kina tabia yake. Mvua huiosha hewa inapoanguka, kwa hiyo tone la mwanzo ndilo chafu, ikiendelea kunyesha maji yanakuwa safi. Umande haushuki kutoka popote. Unazaliwa pale pale juu ya jani, jani linapopoa kuliko hewa, na moshi uliokwisha kulala juu ya jani unayeyuka humo. Jua likija maji yanakauka, uchafu unabaki umekolea ukingoni mwa jani.

Ukungu ndio wenye hila. Ukungu ni wingu lililogusa ardhi. Matone yake ni madogo mno, hayana uzito wa kuanguka, yanapeperuka ubavuni mpaka yapate kitu cha kushika: jani, uzi, nywele za mtu. Mkebe wetu ulitazama juu ukiyangoja, nayo yanaupita pembeni. Na tone dogo lina maji machache ila uchafu ni ule ule, kama chai iliyosahauliwa jikoni ikachemka mpaka ikabaki kidogo, kali, haifai.

"Na jalidi?" nilimuuliza. Jalidi sikupata kuiona. Nilijua kuna umande unaoganda kwa baridi ukawa mweupe kama chumvi, nikawa naota kusimama juu yake peku.

Alikohoa, akaniambia twende mjini. Akanipeleka Mlandege kwa Bwana Karsan, Mhindi aliyekuwa akiuza sharbati, mwenye friji lililowashwa kwa mafuta ya taa. Akamwomba alifungue. Ukutani mwa friji mlikuwa na ugandavu mweupe. Mkuu akaukwangua kwa kijiko, akaniwekea kiganjani. Nilipiga ukelele kwa baridi, watoto wa dukani wakacheka. Akaniambia ninuse. Nikanusa, nikasikia mafuta ya taa.

"Hayo mafuta hayakumwagika humo," akasema. "Jalidi imeyavuta hewani. Inameza kila kilicho karibu nayo."

Bwana Karsan akamuuliza kama anataka sharbati au anataka kumharibia biashara. Tukanunua sharbati. Hiyo ndiyo jalidi pekee niliyoikanyaga, tena kwa kiganja.

Miaka ikapita hivyo. Nikawa mzoefu wa vipimo, nikaletewa wengine niwafunze. Na chini kidogo ya kituo, kwenye mgongo wa kilima, kilikuwapo kitalu cha miche ya mikarafuu, na mlinzi wake ni Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa mtu wa shamba hasa, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu bonde la pili. Tangu utoto wake alipalilia na kuchuma karafuu za wenyewe. Baada ya Mapinduzi, watu walipogaiwa ardhi, naye alipata eka zake tatu, na ahadi ilikuwa kwamba miche ya kitalu kile igaiwe waliopata ardhi, na yeye mmoja wao. Alipanda mbegu kwa mkono wake, moja moja, na kila mche aliusemesha. Asubuhi nikipita namsikia: haya, wewe mvivu, nyanyuka, mwenzio huyo kakupita. Mistari ya ukingoni alishaichagua. Hiyo, alisema, ndiyo mikarafuu ya kwanza duniani itakayoitwa ya Kazija.

Kipupwe cha mwaka mmoja, majani ya miche yakaanza kuungua. Ukingo wa jani unakuwa wa kahawia, unajikunja, kisha vinatokea vidoa katikati. Bi Kazija alituma maneno kwa Bwana Shamba Mkuu mjini, yule aliyekuwa juu ya mashamba yote. Hakuandika, alimpa salamu dereva wa lori la mbolea: mwambie Bwana Shamba Mkuu ukungu unaniulia miche.

Jibu lilikuja kwa mtu. Alikuja Mkaguzi wa Miche, bwana nadhifu wa miwani, na amri mkononi: kitalu king'olewe chote kichomwe moto, maradhi yasienee mashambani.

Nilikuwapo. Nilishuka kuchota maji nikamkuta amesimama juu ya tuta, kalamu tayari.

"Bibi, miche yako ina nini?"

"Ukungu, mwanangu. Nshasema mpaka nimechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu kipupwe kuingia. Unakuja alfajiri, unakaa, jua likipanda unakwenda zake."

Mkaguzi akainua kalamu. "Unakwenda wapi?"

"Mie ntajuaje? Unakotoka."

"Bibi, ukungu ukishika jani hauondoki."

"Huu wangu unaondoka," akasema Bi Kazija, na akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Nikaelewa, nikacheka. Nikamwambia, "Bwana Mkaguzi, nisamehe. Yeye anasema ukungu wa angani. Wewe unasema ukungu wa mkate uliolala."

Akavua miwani akaipangusa. Akaniangalia, akamwangalia Bi Kazija. Neno moja lilitoka kilimani kwa maana moja, likafika mjini kwa maana nyingine, na katikati palikuwa na dereva wa mbolea tu. Alicheka naye, alikuwa mtu wa haki. Lakini akasema ukungu wa angani ni maji, na maji hayaunguzi jani. Kitu gani basi kinaunguza? Tena amri si yake. Bwana Shamba Mkuu mwenyewe atakuja wiki ijayo kusimamia uchomaji. Alichoweza kufanya ni kuchukua majani machache, ayaweke kwenye chupa yenye unyevu na kuifunika. Kama ni ukungu wa maradhi, utaota manyoya.

Alipoondoka, Bi Kazija alikaa juu ya tuta. Sauti yake yote ilikuwa imekwisha.

"Zuwena, mwanangu," akasema, "watanichomea mikarafuu yangu kwa ajili ya neno?"

Nilipanda kilima mbio nikamweleza Mkuu wa Kituo. Alikohoa muda mrefu. Akaniuliza kama nakumbuka siku yangu ya mwanzo, nilivyokuta mkebe mkavu na kanga imerowa. Tukinge huo ukungu, akasema, tuuone una nini ndani yake.

Basi tukaunda kipimaukungu. Yeye alichonga fremu ya mbao, mimi nikatumwa Mlandege kununua mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni. Waya hakuutaka kabisa. Alisema kama maji yana ukali, chuma kitaula ule ukali na sisi tutapata jibu la uongo. Muuza mishipi aliniuliza, "Binti, Masingini kuna samaki siku hizi?" Nikamwambia tunavua mawingu. Akanipunguzia bei kwa kunihurumia akili.

Kuzitia nyuzi ilikuwa kazi yangu, na hapo nilimshukuru mama. Mshona kofia hukazana na tundu ndogo mpaka mwisho bila uzi kulegea. Nikazipanga wima, karibu karibu, kama kinubi. Chini tukaweka mwanzi uliopasuliwa uwe mfereji, na mwisho wa mwanzi chupa ya jemu iliyooshwa mpaka ikalia. Fremu tukaielekeza ubavuni, unakotoka ukungu.

Asubuhi ya pili chupa ilikuwa na maji. Si maji ya kupendeza. Juu yalielea utando mweusi unaong'aa kama mafuta, na chini palituama masizi. Nikachovya kidole nikakilamba kabla Mkuu hajanikataza. Kilikuwa kichungu na kikali, kama kulamba kichwa cha kiberiti. Akatoa karatasi ya litmasi, kikaratasi cha buluu ambacho kikiguswa na kitu kikali kama ndimu hugeuka chekundu. Akakichovya. Kikawa chekundu kama achari ya pilipili. Maji ya mvua ya juzi, tuliyoyahifadhi, yalikiacha na buluu yake.

Tukasimama ukingoni mwa kilima tukatazama bondeni upande wa kusi. Kule kulikuwa na tanuri za chokaa. Ujenzi mjini ulikuwa umepamba moto, chokaa inatakiwa usiku na mchana, na magogo ya minazi hayakutosha, kwa hiyo wachomaji wakaongeza mipira ya magari na oili chafu. Wakiwasha jioni, upepo unakufa, moshi unalala bondeni kama shuka. Alfajiri ukungu unazaliwa ndani ya shuka hilo, unapanda nalo mpaka mgongoni, unajifuta kwenye majani ya Bi Kazija. Chokaa yenyewe ni nzito, ilianguka karibu na tanuri. Moshi ndio uliosafiri.

Tulijua. Sasa ilibaki Bwana Shamba Mkuu naye ajue, kwa macho yake.

Alikuja siku aliyosema, mapema sana, suti nyeupe ya mikono mifupi, na nyuma yake vibarua wenye majembe na debe la mafuta ya taa. Mkaguzi alikuwa naye, amekumbatia chupa yake chini ya kwapa. Msimamizi wa Tanuri, mtu mnene mwenye nyusi nyeupe kwa chokaa, aliitwa pia kwa ombi la Mkuu wangu. Bi Kazija alivaa doti mpya, akakaa kwenye mistari yake ya ukingoni kama mtu aliyekuja kwenye maziko ya kwake.

Na ukungu haukuwapo.

Nilitaka ardhi inimeze. Alfajiri zote zile ulikuja, na siku hiyo mbingu imefunguka, nyota za mwisho zinaonekana, nyuzi zangu kavu. Mkuu wa Kituo akamkaribisha Bwana Shamba Mkuu kibandani, akamtilia kahawa, akamweleza kwa upole habari ya matone. Bwana Shamba Mkuu alisikiliza, akamaliza kikombe, akatazama saa.

"Maelezo mazuri," akasema. "Lakini mimi nimekuja kuona maradhi, wewe unanionyesha mbao na mshipi. Vijana, shukeni."

Vibarua wakanyanyuka. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikasikia.

Tap.

Nikainua mkono, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi, nikamwambia mkubwa wa wakubwa wangu, "Subiri kidogo, Bwana Mkubwa." Tap, upande wa pili wa bati. Nikatazama nje. Ulikuwa unapanda kutoka bondeni taratibu, umeshafika kwenye kitalu, umemfunika Bi Kazija mpaka kiunoni.

Mkuu wa Kituo alitabasamu tu ndani ya kikombe.

Tulitoka sote tukasimama mbele ya kinubi changu. Kila uzi ulianza kumeta, kisha shanga za maji zikaanza kuteremka, zikakutana kwenye mwanzi, zikaingia chupani. Bwana Shamba Mkuu aliinama kutazama, mkono wa suti yake ukagusa nyuzi, na alipouondoa ulikuwa na mistari ya kijivu. Akaipangusa, ikawa myeusi. Akaomba litmasi achovye mwenyewe. Ilipogeuka nyekundu akaishika juu, akamwonyesha Msimamizi wa Tanuri, ambaye ghafla alivutiwa sana na viatu vyake.

Hapo Mkaguzi akatoa chupa yake kwapani. "Na huu ndio ukungu wangu, Bwana Mkubwa," akasema. "Nimeufuga wiki nzima, haukuota hata unywele." Alisema kwa furaha kabisa, kama amezaa mtoto.

"Nani aliyesema ukungu kwanza?" akauliza Bwana Shamba Mkuu.

"Mie," akaitika Bi Kazija kutoka ndani ya ukungu, hatumwoni ila sauti yake, na ilikuwa imerudi yote.

"Ulisema kweli, bibi. Sisi ndio hatukuuliza upi."

Vibarua wakaweka majembe chini. Mmoja wao akasema kwa hiyo mafuta ya taa wapelekewe nani, na sote tukacheka, hata mwenye suti.

Jambo halikuishia kwenye kicheko. Chokaa ilitakiwa, miche ilitakiwa. Pale pale, tumesimama tunarowa, wakakubaliana mipira na oili zisitiwe tena tanurini, na moto usiwashwe jioni bali mchana, upepo wa kusi unapovuma wa kutosha kuuchukua moshi juu na kuutawanya. Lakini bondeni hawawezi kujua upepo wa juu ukoje. Nikasema tutatweka kitambaa kwenye mlingoti wetu. Kanga nyeupe, washeni. Kanga nyekundu, ngojeni.

"Sasa chokaa yangu ingoje kanga ya mtoto wa kike?" akauliza Msimamizi wa Tanuri.

"Ingoje upepo," akajibu Bwana Shamba Mkuu. "Kanga ni tarishi tu."

Siku ya kwanza niliyotweka nyeupe, nilisikia wachomaji wanapiga mayowe bondeni kama timu yao imefunga bao. Moshi ukanyanyuka, ukainama kwa upepo, ukaenda zake juu sana, haukutugusa. Tangu hapo nikaitwa Bi Ukungu, na nikishuka mjini watu wa tanuri wananiuliza, Bi Ukungu, leo umevaa rangi gani, tukapike au tukalale? Msimamizi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza kwa sauti kuliko wote. Baadaye aliniletea chokaa tukapaka kibanda.

Majani yaliyoungua hayakupona, jani halifanyi hivyo. Lakini yalitoka mapya, mekundu mekundu kama yanavyotoka majani machanga ya mkarafuu, kisha yakawa ya kijani mpaka ukingoni. Mvua za vuli zilipofika, malori yakaja. Watu wa eka tatu walikuja na vikapu, na Bi Kazija akawagawia akimpa kila mmoja maagizo kama anaoza mabinti. Yake alibeba mwenyewe kichwani. Hakukubali msaada.

Kazi niliifanya mpaka nywele zikageuka. Nilikuja kuwa Mkuu wa Kituo baada ya mkubwa wangu kurejea bara, na niliowafunza sasa ni wakubwa kwa haki yao, wana mitambo inayopima na kuandika yenyewe. Naifurahia. Ila wakija kunisalimia, na bado wanakuja, huwaambia mtambo utakwambia kiasi gani. Kabla ya hapo nenda kamuulize mtu wa mahali anamaanisha nini, na umsikilize mpaka amalize. Wao hucheka, wanasema Bi Ukungu ameanza. Nami nacheka nao. Sina ninachojuta. Mlima wenye jalidi sikuufika, lakini kichuguu changu kilinitosha, na nilikisimamia.

Niliporudisha funguo za kituo, asubuhi iliyofuata niliamka kwa mazoea. Sikuwa na pa kwenda, nikaenda, mpaka kwenye eka za Bi Kazija. Bi Kazija alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na eka zake ni za wajukuu, lakini mikarafuu aliyoichagua ukingoni mwa kitalu ni ile ile, mirefu, imefungamana juu. Hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya miti, na maji yanadondoka jani kwa jani. Nikashusha tawi la chini, nikachagua jani lililojaa, nikalilamba.

Maji tu.